Msumari Mmoja Ndani ya Damu
Kutoka Shume hadi Mkumbara, mlima unaeleza kwa nini damu haiongezwi kwa kubahatisha

Asubuhi ya Shume huamka na ukungu. Malori yaliyosheheni kabichi, karoti na viazi mviringo hutangulia kuteremka kuelekea Lukozi, Lushoto, Soni na hatimaye Mombo kwenye barabara kuu, taa zikiwa zimewashwa ingawa kumeshakucha. Saa hizohizo tendo moja dogo hufanyika mahali pawili pasipofanana. Zahanatini, muuguzi humwambia mama mjamzito atazame juu, kisha kwa kidole gumba hulivuta kope lake la chini. Bandani, mfugaji humshika mbuzi kichwa, naye akalivuta kope vilevile.

Wote wawili wanatafuta rangi. Nyama ya ndani ya kope ikiwa nyekundu, moyo hutulia. Ikiwa imepauka kama karatasi, hapo kuna kazi.

Rangi wanayoitafuta ni ya chuma. Si mfano wa maneno; ni chuma kilekile ambacho wahunzi wa Upare, jirani zetu wa kaskazini-magharibi, walikiyeyusha na kufua majembe. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za madini hayo, uzito wa msumari mmoja mdogo, na takriban theluthi mbili yake imo ndani ya damu. Ndiyo akiba yetu yote. Na tangu zamani, juu ya mlima huu na chini yake, viumbe wengi wamekuwa wakiigombea.

Vibebeo vya Shume

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga njia ya waya wa angani kutoka msitu wa Shume hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga na Moshi. Vibebeo vilining'inia kwenye waya, vikapakiwa magogo huku juu, vikateremka genge lote la Usambara, vikashusha mzigo stesheni na kurudi vitupu kuchukua mwingine. Anayetaka kuielewa damu aanzie kwenye waya huo.

Ndani ya seli moja nyekundu ya binadamu mna molekuli za hemoglobini zipatazo milioni 270. Kila moja ina atomi 4 za chuma, na kila atomi hushika molekuli moja ya oksijeni. Maana yake seli moja tu, isiyoonekana kwa macho, hubeba oksijeni zaidi ya bilioni moja. Lakini ustadi wa hemoglobini hauko katika kubeba peke yake. Kibebeo kisichoshusha mzigo hakina faida kwa stesheni. Hemoglobini huishika oksijeni kwa nguvu inapopita mapafuni, lakini ikifika kwenye msuli unaofanya kazi, ambako kuna joto na hewa ya kaboni dayoksaidi nyingi inayoongeza asidi, mkono wake hulegea. Mzigo unashuka. Kadiri mkulima anavyolima kwa nguvu, ndivyo misuli yake inavyopakuliwa oksijeni kwa wingi, pasipo yeye kuagiza.

Safari ya kurudi nayo haiendi bure. Sehemu kubwa ya kaboni dayoksaidi hugeuzwa kuwa bikaboneti, ikayeyuka katika utegili, yaani yale maji ya manjano ambayo seli huelea ndani yake. Bikaboneti hiyo ndiyo inayozuia damu isiwe chachu. Kipimo cha asidi cha damu, pH, hukaa kati ya 7.35 na 7.45; kikitoka kidogo tu nje ya mpaka huo, mwili mzima unayumba. Utegili wenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, lakini ndani yake mna chumvi, sukari, homoni, kingamwili, na protini zinazotengenezwa na ini ili kuyazuia maji yasivuje nje ya mishipa.

Iko hewa inayouharibu mpango huu wote, na watu wa nyanda za baridi wanapaswa kuijua kwa jina. Ni kaboni monoksaidi, itokayo kwenye mkaa unaowaka katika chumba kisicho na hewa ya kutosha. Haina harufu wala rangi. Hushikamana na chuma cha hemoglobini kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Ni mzigo unaokataa kushuka: vibebeo vimejaa, waya unazunguka, stesheni inakufa njaa. Baridi ya Juni na Julai inapobana, jiko la mkaa lililoingizwa chumbani na mlango ukafungwa linaweza kuua familia nzima usingizini.

Namba ileile, maana mbili

Shume iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Tanga mjini. Kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Figo hulitambua hilo kabla yetu: hutoa homoni inayoitwa erithropoietini, nayo hupeleka agizo kwenye uboho wa mifupa kwamba seli nyekundu ziongezwe. Kiwanda hicho hakilali hata kwenye usawa wa bahari. Hutoa seli zipatazo milioni 2 kwa kila sekunde, kwa kuwa kila seli huishi siku 120 tu.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huwataka wahudumu wa afya wapandishe kiwango cha kupimia upungufu wa damu kadiri kimo kinavyopanda. Mama mjamzito aliyeambiwa wingi wa damu yake ni gramu 11 kwa desilita akiwa pwani, amefika mpakani salama. Mwenzake mwenye namba hiyohiyo huku juu anaweza kuwa tayari amepungukiwa, kwa sababu mwili wake unahitaji vibebeo vingi zaidi kwa hewa ileile anayovuta.

Wanyama nao wana ufundi wao. Seli nyekundu za mbuzi ni ndogo mno, kipenyo chake kama nusu ya zetu, lakini ni nyingi zaidi katika kila tone. Seli za kuku na za kinyonga wa misitu ya Usambara zina kiini ndani yake. Zetu zimekitupa ili kupata nafasi ya hemoglobini. Huko baharini Tanga, pweza na kaa hawatumii chuma kabisa. Wao hubebea oksijeni kwa shaba, na damu yao ikikutana na hewa huwa ya buluu. Mbu naye hana damu nyekundu hata tone, maana wadudu hupitisha hewa kwa vijibomba vilivyotapakaa mwilini. Ukimpiga mbu ukutani, wekundu anaouacha si wake. Ni wako, au wa jirani yako.

Walichokijua watu wa mlimani

Mwaka 1898 daktari Mjerumani Robert Koch, mtu mashuhuri wa elimu ya vijidudu aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, aliandika habari aliyoikuta Usambara. Wenyeji walimweleza kwamba homa huwapata wakishuka nyikani, na waliuita ugonjwa huo mbu, jina lilelile la mdudu waliyesema ndiye anayeuleta. Daktari Ronald Ross alikuwa ameviona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu kule India mwezi Agosti 1897 tu. Elimu ya hadubini ilikuwa inawasili mahali ambapo elimu ya miguu, ya kupanda na kushuka mlima, ilishatoa jibu.

Sababu yake ni joto. Kimelea hatari zaidi cha malaria kikiwa tumboni mwa mbu huhitaji siku 10 au 11 hivi kukomaa kwenye joto la nyuzi 27. Kwenye nyuzi 20 huhitaji karibu mwezi. Chini ya nyuzi 16 hadi 18 hakikomai kabisa. Mbu mwenyewe huishi wiki chache tu. Kwenye baridi ya Usambara ya juu mbu huzikwa na kimelea chake kibichi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha vijiji vya milima hii kuanzia mita 300 hivi hadi karibu 1,700, ulikuta kasi ya uambukizaji ikipungua zaidi ya mara 1,000 kutoka chini kwenda juu. Lakini haikufika sifuri, na mtu wa juu ambaye mwili wake haujaizoea malaria huumia zaidi anaposhuka.

Kimelea hicho kinataka nini? Kinataka hemoglobini. Huingia ndani ya seli nyekundu, kikaila protini yake kama mdudu alaye boga kutoka ndani. Chuma kinachobaki, kikiwa huru, ni sumu hata kwa kimelea chenyewe, hivyo hukifungia katika fuwele za rangi ya kahawia. Klorokwini, dawa iliyokuwa tegemeo la Tanzania hadi mwaka 2001, ilifanya kazi kwa kuzuia ufungaji huo. Kimelea kikafa kwa mabaki ya chakula chake. Seli zikishaliwa hupasuka kwa mamilioni, na ndipo kope la mtoto linapopauka.

Watu wa chini walioishi na adui huyu kwa vizazi na vizazi walilipa gharama ya kujikinga ndani ya damu yenyewe. Kwenye jeni ya hemoglobini yao wengine wana badiliko moja: mahali pa sita katika mnyororo wa protini, asidi amino iitwayo glutamiki imeiachia nafasi valini. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi alioukusanya Afrika Mashariki kwamba mtoto aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja huhimili malaria kali. Akirithi kwa wazazi wote wawili, anapata selimundu: hemoglobini ikishashusha oksijeni hujipanga kama fimbo, seli ikajikunja kama mundu, ikaziba mishipa. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wa namna hiyo kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Uchunguzi wa kaskazini-mashariki mwa nchi umeonyesha kwamba jeni za kinga hii ni nyingi zaidi katika vijiji vya nyanda za chini kuliko vya milimani. Mlima umeandika historia yake kwenye damu za watu.

Hivyo mzazi wa Mkumbara au Korogwe anayemleta mtoto mwenye selimundu Shume kusalimia ndugu akumbuke mambo mawili: baridi na uhaba wa oksijeni vyote huamsha maumivu. Sweta, maji ya kunywa kwa wingi na dawa zake zisisahaulike nyumbani.

Kupe wa Kwai, viroboto wa Shume

Mwaka huohuo wa 1898 Koch alifanya jambo jingine si mbali na Shume, katika shamba la majaribio la Kwai. Alichukua kupe kutoka kwa ng'ombe wa Dar es Salaam, akawapandisha Usambara ambako ugonjwa wanaoueneza haukuwapo. Makinda ya kupe hao yalipowekwa kwenye ng'ombe wazima, ng'ombe wakaugua. Alikuwa amethibitisha katika ardhi yetu kile ambacho Wamarekani Smith na Kilborne walikichapisha mwaka 1893: kupe mama huwarithisha watoto wake vimelea kupitia mayai. Vimelea hivyo, kama vya malaria, huingia katika seli nyekundu na kuzipasua. Hemoglobini iliyomwagika huchujwa na figo, na mfugaji huona mnyama akikojoa damu. Binamu wa ugonjwa huo, ndigana baridi, hufanana nao kwa kuwa nao hushambulia seli nyekundu. Ndigana kali, ugonjwa mwingine wa kupe, huanzia kwenye seli nyeupe, askari wa mwili. Mfugaji wa leo anayeogesha ng'ombe wake wa maziwa kwa dawa ya kupe analinda chuma cha mnyama wake.

Kisha ikaja tauni. Kuanzia mwaka 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, vijiji vya Lushoto, Shume ikiwemo, viliugua mara kwa mara ugonjwa ambao sehemu nyingi za dunia zilidhani umebaki vitabuni. Maelfu waliugua na mamia wakafa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao walihesabu panya na viroboto nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria hujikusanya kwenye koo lake hadi wakaliziba. Damu haipiti tena. Njaa humfanya aume na kuuma, na kila akivuta damu, hurudisha bakteria kwenye jeraha.

Bakteria huyo naye anataka chuma. Mwili wetu unalijua hilo, ndiyo maana haukiachi chuma kizurure ovyo: hukifunga ndani ya protini, na homa ikianza, ini hutoa homoni inayofungia akiba isitoke. Ushahidi wa kushtua ulipatikana mwaka 2009, alipofariki mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyekuwa akishughulika na bakteria wa tauni waliodhoofishwa maabara. Walidhoofishwa kwa kunyang'anywa uwezo wa kujitafutia chuma, na hawakutarajiwa kumdhuru mtu. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtafiti huyo alikuwa na ugonjwa wa kurithi uliojaza chuma mwilini mwake bila yeye kujua. Dhaifu alikuta meza imeshaandaliwa.

Karibu nasi zaidi, huko Pemba, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006 uliwapa watoto wadogo chuma pamoja na asidi foliki bila kupima kwanza nani amepungukiwa. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kuugua hadi kulazwa. Somo si kwamba chuma ni kibaya. Somo ni kwamba penye malaria, chuma kinatakiwa kuongozana na kinga na tiba ya malaria. Mama mjamzito aliyepewa fefo, yaani vidonge vya chuma na asidi foliki, kliniki anaihitaji, maana ujauzito mmoja hutumia takriban gramu 1 ya chuma, zaidi ya robo ya msumari wake wote. Aimeze kama alivyoelekezwa, na alale ndani ya chandarua.

Wekundu wa tunda si wekundu wa damu

Hapa ndipo tunapokosea wengi. Mtu akiambiwa damu imepungua, hukimbilia chochote chekundu: juisi ya biti, rozela, plamu za Lushoto ambazo wengi huziita matunda damu. Wekundu wa biti hautokani na chuma, wala wa rozela. Ni rangi za mimea tu, na kiasi cha chuma kilichomo ni kidogo.

Hata hivyo plamu, chungwa au limau lina kazi yake. Vitamini C iliyomo huusaidia utumbo kufyonza chuma cha maharage, mchicha na mnavu, ambacho kwa kawaida huingia kwa shida kuliko kile cha nyama, maini na dagaa. Kinyume chake ni chai. Lushoto tunailima na tunaipenda, lakini tanini zake hukinasa chuma cha mboga kabla hakijafyonzwa. Anayekula makande kisha akashushia chungwa, na chai akaisogeza saa moja au mbili mbele, ametumia duka lilelile kwa faida kubwa zaidi. Kabichi ya Shume nayo isidharauliwe: vitamini K yake huliwezesha ini kutengeneza protini zinazogandisha damu, zile zinazoshirikiana na chembe sahani kuziba kidonda ili msumari wetu usivuje nje.

Maana mwili ni bahili wa chuma. Kila siku bandama na ini huvunja seli nyekundu zilizozeeka na kuokoa miligramu 20 hadi 25 za chuma zirudi kiwandani. Kutoka chakulani huingia miligramu 1 hadi 2 tu. Ukipungukiwa, basi swali la kwanza ni wapi panavuja au nani anakula: hedhi nzito, uzazi wa karibukaribu, malaria, au minyoo ya safura. Wahenga waliliita tatizo la kupauka na uchovu safura, na jina hilo likabaki kwa minyoo inayonyonya damu utumboni. Kumlisha mtu huyo chuma bila kuitoa minyoo ni kujaza pipa linalovuja.

Hesabu hiyohiyo inatuongoza katika kuchangia damu. Mfuko mmoja wa mililita 450 huondoka na miligramu 200 hivi za chuma au zaidi. Ndiyo sababu Mpango wa Taifa wa Damu Salama humtaka mwanaume asubiri miezi 3 kabla ya kuchangia tena na mwanamke miezi 4, na hupokea watu wenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Kwa mtu mzima mwenye afya, huo ni mkopo ambao mwili wake utaulipa. Kwa mama aliyevuja damu akijifungua, au mtoto ambaye malaria imezipasua seli zake, ni uhai. Hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza damu kamili ya kumwongezea mgonjwa. Inatoka kwenye mkono wa mtu mwingine tu.

Kope lililovutwa chini linaonya, lakini halitoi hesabu. Kwa hiyo, msomaji, siku muuguzi akikwambia damu yako iko sawa au imepungua, muulize ni gramu ngapi, mwambie unaishi kimo gani, kisha uliza swali ambalo mfugaji mzuri humuulizia mbuzi wake kabla hajanunua dawa: ni nini kinachoila?